Siagi ya karanga na kakao: historia yake kabla hatujawasha jiko

Wiki iliyopita nilikuwa soko kuu hapa Singida Mjini natafuta mbegu za mchicha, mama mmoja anayeuza karanga akanishika mkono. "Bwana shamba, za siku? Leo huniponyoki." Akatoa chini ya meza chupa tupu ya ile chokoleti ya kupaka mkate inayotoka Ulaya. Mjukuu wake aliletewa na baba yake kutoka Dar es Salaam, akaimaliza kwa siku 3, na sasa hataki chai bila hiyo. Mama ameuliza bei dukani, akaona ni zaidi ya faida yake ya siku nzima. "Mimi karanga ninazo, gunia zima. Nishindwe kutengeneza hii? Na nikiweza, si niuze?"

Nilimwambia anaweza, na maelekezo yapo huko chini. Ila nilimwomba anipe siku chache kwanza nimsimulie chupa ile imetoka wapi, na karanga zake zimepita njia gani, kwa sababu makosa karibu yote ambayo mtu anaweza kuyafanya kwenye biashara hii yameshafanywa na wengine. Makubwa kuliko yote yalifanywa hapo Kongwa, mwendo wa asubuhi moja kwa basi kutoka kwetu. Na moja nimelifanya mimi mwenyewe.

Tuanze na chupa. Ile chokoleti imetengenezwa kwa kokwa zinazoitwa hezelinati. Ni kokwa ndogo za mviringo, ganda lake gumu, zinaota kwenye vichaka vya nchi zenye baridi kali. Uturuki ndiyo inayoongoza kwa kuzilima. Sisi hatuna, na msipoteze pesa kuagiza miche, kwa sababu mti wake unahitaji kipupwe cha kweli, baridi ya miezi, siyo ubaridi wetu wa Juni na Julai. Italia kaskazini, katika mji wa Torino na vilima vinavyouzunguka, wanazo nyingi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1806 Napoleon alipozuia bidhaa za Uingereza kuingia Ulaya, kakao ilipanda bei sana, na watengeneza chokoleti wa Torino wakaanza kuchanganya kakao kidogo waliyonayo na hezelinati zilizosagwa ili iongezeke. Mwaka 1865 kampuni ya Caffarel ya mji huohuo ilianza kuuza vipande vya chokoleti hiyo, vikapewa jina la kikaragosi wa sherehe zao, Gianduja.

Halafu ikaja vita kuu ya pili ya dunia. Italia ilishindwa, bandari zimeharibika, kakao haipatikani. Mwaka 1946 mwoka mikate wa mji mdogo wa Alba, Pietro Ferrero, alitumia hesabu ileile ya zamani: kakao kidogo, hezelinati nyingi za jirani, sukari. Akaunda kitu kama mche wa sabuni, unakatwa kwa kisu na kuliwa na mkate. Mwaka 1951 kikalainishwa kiwe cha kupaka, na mwaka 1964 mwanawe, Michele, akakibadilisha tena na kukiweka kwenye chupa kwa jina la Nutella, ambalo mnalijua.

Kwa hiyo chokoleti ya kupaka haikuanza kama anasa ya matajiri. Ilianza kama ujanja wa mtu mwenye upungufu: chukua kitu adimu kidogo, kichanganye na zao la jirani yako. Hilo ndilo tutakalofanya na sisi, ila zao la jirani kwetu ni karanga. Kilichobadilika kwenye chupa ni uwiano. Soma kibandiko cha nyuma siku moja. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa wingi, na cha kwanza ni sukari, cha pili mafuta ya mawese, ndipo hezelinati zinafuata zikiwa asilimia 13 tu. Katika kila gramu 100, sukari ni gramu 56. Yaani zaidi ya nusu ya chupa ni sukari. Mama yule nilipomwambia alicheka. "Kumbe mjukuu wangu anakula sukari yenye harufu!"

Sasa angalieni mwaka ule wa 1946, maana ndio mwaka ambao karanga za ukanda wetu wa kati ziliingia kwenye historia ya dunia, kwa sababu ileile ya njaa ya vita.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini haikuwa na mafuta ya kula. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa kadi, na mgawo huo haukuisha kabisa mpaka 1954. Mkurugenzi wa kampuni ya United Africa Company, Frank Samuel, alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika kwa mashine, tukamue mafuta. Ujumbe wa watu 3 ukaongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ripoti. Walipendekeza ekari 3,210,000 zigawanywe kwenye mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Gharama ingekuwa kama pauni milioni 25 kwa miaka 6. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, akaukubali mpango, na kazi ikaanza 1947, kwanza Kongwa. Mwaka 1948 likaundwa shirika maalumu la serikali kuuendesha.

Mimi nimesoma habari hii mara nyingi na kila mara nashangaa jambo moja. Hawakulima shamba la majaribio kwanza. Mtu anayetaka kulima ekari milioni 3 hakulima hata ekari 50 kwa misimu miwili aone. Ninyi mkiletewa mbegu mpya mnapanda mistari miwili pembeni mwa shamba, mnasubiri. Wao walikwenda moja kwa moja.

Kilichotokea mnaweza kukikisia. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi kutoka sehemu kama Ufilipino, yakaharibika mapema na vipuri vikakosekana. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Vichaka vya Ugogo, wenyewe mnavijua, mizizi yake chini ni mirefu na migumu kuliko shina la juu, ikavunja majembe. Mibuyu ikawasumbua. Walifika mahali pa kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuta uangushe vichaka.

Lakini mashine zingeweza kutengenezwa. Udongo na mvua ndivyo vilivyowashinda. Karanga ina tabia ya pekee: inachanua juu, halafu kikonyo cha ua kinashuka na kuchoma ardhini, na tumba linakulia humo. Udongo ukiwa mgumu kikonyo hakiingii. Ukikauka ukiwa mfinyanzi, kung'oa karanga ni kama kung'oa misumari kwenye saruji, na nyingi zinabaki chini. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, ukiangaziwa na jua la kiangazi unakauka na kushikana hasa. Na mvua ya kule, kama yetu, ni msimu mmoja tu na haiaminiki: mwaka huu inatosha, mwaka ujao inakata Februari mimea ikiwa na maua. Ndiyo maana wengi wenu karanga mnaziweka kwenye kichanga na mbuga mnaiachia mtama au mpunga. Hilo halikuandikwa kwenye ripoti ya Wakefield kwa uzito unaostahili, ingawa mkulima yeyote wa Kongwa angeweza kulieleza akiwa amekaa chini ya mbuyu wake.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimepotea, na karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile zilizonunuliwa kuwa mbegu. Mabaki yake yapo bado: bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, reli yake ikaja kung'olewa baadaye, Urambo waligeukia tumbaku, Kongwa pakawa ranchi ya ng'ombe, na miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapewa kambi hapohapo. Kuna jambo dogo ninalolipenda: karanga zilipoanza kuwashinda, wazungu wale walipanda pia alizeti kwenye mashamba ya Kongwa. Singida ya leo, ambayo haiwezi kutajwa bila alizeti, ingeweza kuwaambia hilo lilikuwa wazo lao zuri kuliko yote.

Pembeni ya hayo yote, karanga za wakulima wadogo ziliendelea. Karanga si zao la asili ya Afrika, ililetwa kutoka Amerika ya Kusini na Wareno katika karne ya 16. Ilikuta sisi tuna njugu mawe, ambazo ni zetu Waafrika kabisa na zinazaa chini ya ardhi vilevile, kwa hiyo mgeni huyu hakuhitaji maelezo marefu. Akaitwa njugu nyasa, na akaitwa karanga, neno linalofanana na kitenzi cha zamani cha kukaranga, yaani kukaanga. Kwetu hapa bibi zetu hawakuwa na siagi ya chupa, lakini walikuwa na kinu na jiwe. Karanga iliyotwangwa imeingia kwenye mlenda, kwenye kisamvu, kwenye uji wa mtoto. Uganda kaskazini wanasaga karanga pamoja na ufuta mpaka inakuwa uji mzito wanaouita odii, na wamekula hivyo tangu zamani bila kibandiko wala kiwanda. Kwa hiyo mtu akikuambia siagi ya karanga ni kitu cha Kimarekani, mkubalie nusu.

Hiyo nusu ni hii. Mwaka 1884 Marcellus Gilmore Edson wa Montreal, Kanada, alipata hataza ya kusaga karanga zilizokaangwa, na miaka ya 1890 daktari John Harvey Kellogg wa Marekani akawa anawapa wagonjwa wake siagi ya kokwa. Wengi husema George Washington Carver, yule mtaalamu mweusi wa kilimo wa Tuskegee, ndiye aliyeigundua. Siyo kweli, lakini alifanya jambo ambalo mimi kama afisa ugani naliheshimu zaidi: mwaka 1916 alichapisha kijitabu cha kuwaeleza wakulima maskini namna ya kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Kazi ya ugani hasa.

Tatizo la siagi ya wakati ule ni lile ambalo mama wa sokoni atalikuta: ukiiacha siku chache, mafuta yanapanda juu na chini panakuwa pagumu. Miaka ya 1920 mfanyabiashara Joseph Rosefield alipata njia ya kuyabadilisha mafuta ya karanga kiwandani yawe mazito, siagi isitengane tena. Chupa ya Ulaya nayo haitengani kwa sababu mafuta ya mawese huganda kidogo yakipoa na kuushika mchanganyiko. Mafuta ya karanga na ya alizeti hayagandi. Kwa hiyo siagi yako itatengana, na hiyo siyo dalili ya kuharibika. Andika tu kwenye kibandiko: KOROGA KABLA YA KULA.

Kabla sijaiacha chupa ya Ulaya, niitendee haki. Mwaka 1996 daktari wa watoto Mfaransa, André Briend, alikuwa anahangaika na dawa ya watoto wenye utapiamlo mkali. Maziwa maalumu yaliyokuwapo yalihitaji maji safi ya kuchanganyia, na maji safi ndiyo hayapo. Inasimuliwa kwamba alitazama chupa ya chokoleti ya kupaka mezani akaona kuwa mchanganyiko wake wa mafuta, sukari na unga mkavu hauhitaji maji, na bakteria hawapendi mahali pasipo maji. Yeye na Michel Lescanne wakaweka karanga badala ya hezelinati, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Ndicho kile chakula dawa cha pakiti kinachotolewa kliniki. Tafadhali msije mkasema tunachotengeneza hapa ni sawa na kile. Mtoto aliyedhoofu apelekwe kituo cha afya, siyo kwa muuza siagi.

Sasa nifike mahali pagumu.

Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, maini yao yameharibika. Ugonjwa haukujulikana, wakauita ugonjwa X. Watafiti walipofuatilia chakula cha ndege wale walikuta mashudu ya karanga kutoka Brazil yenye ukungu. Kuvu wa jina Aspergillus flavus alikuwa ametoa sumu ndani yake, na kutokana na jina lake sumu ikaitwa aflatoksini. Sisi tunaiita sumukuvu. Huioni, haina ladha, haina harufu. Ikiwa nyingi inaua kwa kuharibu ini. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini, na inahusishwa na kudumaa kwa watoto.

Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hii. Na msiseme Kenya ni mbali. Mwaka 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara, majirani zetu wa mashariki na kaskazini. Watu 68 waliugua, 20 walifariki. Wengi walidhani ni kitu cha ajabu, na kilikuwa mahindi ya ghalani mwao wenyewe. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoipokea sumukuvu kirahisi kuliko mengine.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Nilipokuwa mgeni kazini, nilikifundisha kikundi kimoja cha akina mama kutengeneza siagi ya karanga. Niliwaambia, kwa kujiamini kabisa: "Karanga nzuri uzeni kwa bei. Zile zilizokunjamana, zilizopasuka na zilizobadilika rangi msizitupe, hizo ndizo za kusaga siagi, maana kwenye siagi hazionekani." Nikaona nimewaongezea thamani. Walinipigia makofi. Miaka ilipita ndipo nilipokaa kwenye mafunzo ya sumukuvu nikasikia kwamba karanga zilizokunjamana, zilizopasuka na zilizobadilika rangi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu yote iliyomo kwenye gunia. Nilikuwa nimewafundisha kukusanya sumu na kuiweka kwenye mkate wa watoto wao. Nilirudi kwa kile kikundi nikawaeleza. Baadhi walikuwa wameshahama. Sijui wangapi bado wanafuata somo langu la kwanza, na ndiyo maana naandika hili waziwazi.

Ushauri wangu ule haukuwa wa kipekee. Ukizunguka sokoni leo ukauliza "karanga za kusagia", utaonyeshwa fungu la bei ya chini, na ukiangalia vizuri ni zile zilizochambuliwa kutoka kwenye fungu zuri. Mfanyabiashara, usizinunue. Mkulima, usiziuze. Na usiwape kuku ukidhani umezitupa, kumbuka batamzinga. Usimpe ng'ombe wa maziwa pia, maana sumu nyingine inapita hadi kwenye maziwa. Zichome au zifukie.

Mnauliza, nikikaanga si inakufa? Kuvu anakufa, sumu yake haifi. Kukaanga kunaipunguza kwa kiasi tu. Kinachopunguza zaidi ni mikono na macho yako: kuchambua kabla ya kukaanga, kumenya ganda jembamba, kuchambua tena. Na kabla ya hapo ni shambani na nyumbani. Vuna kwa wakati, usiache karanga ardhini mvua zikiwa zimeisha na mimea imekauka. Anika juu ya turubai au kichanja, siyo kwenye vumbi. Halafu ile tabia ya kulowanisha maganda ili yabanguke kirahisi, najua vidole vinauma, lakini maji yale yanampa kuvu uhai upya, na mnunuzi anayekubali uzito wa maji ananunua ugonjwa. Hata mbegu ina mchango: aina ya Pendo iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele mwaka 1998 inakomaa mapema, hivyo inakimbia ule ukame wa mwisho wa msimu ambao ndio unaoifungulia kuvu mlango.

Basi, tukae jikoni. Kwa kuanzia tumia karanga gramu 500 ambazo zimeshakaangwa, zimemenywa na zimechambuliwa mara mbili, unga wa kakao gramu 40, sukari gramu 60, mafuta ya alizeti gramu 30 na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Ukijumlisha unapata kama gramu 630, na sukari uliyoongeza haifiki sehemu 1 kwa 10. Linganisha na ile chupa.

Karanga kaanga kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga. Usitumie mchanga kama wanavyofanya wauza karanga za barabarani, chembe zitabaki na mlaji atatafuna mchanga. Ziko tayari ganda jembamba linapotoka kwa kusuguliwa na ndani pana rangi ya chai ya maziwa. Zikiungua hata kidogo siagi yote itakuwa chungu, na kakao nayo ina uchungu wake, hutaweza kuficha. Acha zipoe, menya, pepeta, kisha tandaza kwenye sinia jeupe mwanga ukiwepo na ukague tena kokwa moja moja. Ndani ikiwa ya kijivu au ya njano iliyokolea, toa.

Kakao iwe unga mtupu, siyo kile kinywaji cha chokoleti cha kopo ambacho kimeshawekwa sukari na maziwa. Kakao yetu inalimwa Kyela na Kilombero, ni nzuri, na sehemu kubwa yake inauzwa nje ikiwa punje. Unga unaoukuta madukani Singida mara nyingi umerudi kutoka nje, jambo linaloniudhi, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.

Sukari isage peke yake kwanza iwe laini kama unga. Halafu saga karanga zikiwa na uvuguvugu. Kwa blenda, saga kidogo na kuipumzisha isije ikaungua. Kwa mashine ya sokoni, omba ipitishwe konzi mbili za karanga kavu kwanza ili itoe mabaki ya aliyekutangulia, pengine alisaga pilipili. Kwa kinu inawezekana kabisa, ila kiwe kikavu na kisiwe cha vitunguu saumu. Mwanzoni utaona unga, kisha madonge, na ukivumilia mafuta yanatoka yenyewe na inakuwa laini. Hapo ndipo uweke kakao, sukari, chumvi, na mafuta ya alizeti kidogo kidogo. Mafuta yetu ya kukamuliwa bila kusafishwa yana harufu kali, wengine wanaipenda, mimi naona inaifunika kakao.

Najua kila mtu wa Singida atataka kuweka asali badala ya sukari. Nimeshajaribu. Asali ina maji, na maji yakikutana na siagi ya kokwa inakaza ghafla kama udongo wa Kongwa. Ukitaka kula nyumbani leo na kesho, weka kijiko na ukubali ugumu. Kwa ya kuuza, acha. Na mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa. Kwa sababu hiyohiyo ya maji, chupa ziwe zimeoshwa kwa maji moto na kukauka kabisa, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Tengeneza ya kuisha ndani ya wiki 3 au 4, uiweke pasipo jua.

Ya biashara ina mengine. Pima karanga ghafi kabla ya kuchambua na upime siagi mwishoni, kwa sababu utakazotupa, maganda na maji yanayokauka vyote ni pesa, na bei yako lazima ivibebe. Wengi wanapiga hesabu kwa uzito wa gunia kisha wanajiuliza faida imekwenda wapi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo moja ya karanga, na huwezi kuijua kwa macho, kwa hiyo ukishapita hatua ya majirani, peleka sampuli TBS ipimwe. SIDO wana ofisi hapa mkoani, wanasaidia kwenye vifungashio na mafunzo. Kibandiko kiseme wazi kuwa ndani kuna karanga, maana wapo watu mwili wao unazikataa kwa hatari.

Yule mama tulikutana tena juzi. Alikuwa amechambua debe zima na kutenga karibu bakuli mbili za mbovu, akanionyesha kwa uchungu. "Hizi zote nizichome, bwana shamba?" Nikamwambia ndiyo mama, zote. Alizitazama kwa muda, akanifungulia kifuniko cha chupa ya kwanza nionje. Alikuwa amepunguza sukari kuliko nilivyomwelekeza na kuongeza chumvi. Mjukuu, kasema, bado hajashawishika, lakini ameshakula nusu chupa.